Mizani ya Mlolongo: Historia ya Kupima na Kuongoza Mwendo wa Barabara katika Machakos

Katika kaunti ya Machakos, mahali ambapo barabara kuu itokayo Mombasa inakaribia mpaka wa jiji la Nairobi, kuna mji uitwao Mlolongo. Jina hilo, ambalo maana yake ni mstari mrefu wa watu au vitu vinavyofuatana, wenyeji hulieleza kwa foleni za malori yaliyokuwa yakisimama hapo kungoja kupimwa uzito. Ni nadra mji kupata jina kutokana na chombo cha kusimamia barabara, na ni nadra zaidi jina lenyewe kutaja kasoro ya chombo hicho: mizani iliwekwa ili kuilinda barabara, lakini kwa kuwa haikuweza kupima bila kusimamisha, ilizaa msongamano ambao hatimaye uligeuka kuwa makazi ya watu.

Usimamizi wa mwendo wa barabara, yaani ule ufundi wa kujua nani na nini kinapita, kwa wingi gani, kwa uzito gani na kwa kasi gani, kisha kuamua kipite vipi, mara nyingi husimuliwa kama habari ya vyombo vya umeme na kompyuta vilivyoletwa mijini katika miaka ya karibuni. Machakos inaonyesha kwamba ufundi huo umelitangulia gari lenyewe. Makala haya yanaufuata kuanzia misafara ya wapagazi hadi kamera na vihisi vya leo, na hoja yake ni kwamba katika kila enzi chombo cha kupima kilipima kwanza kile ambacho mwenye chombo alitaka kukilinda, iwe ni shehena ya mfanyabiashara, ratiba ya treni, lami ya serikali au mapato ya mwekezaji, huku usalama na muda wa mpita njia, hasa yule aendaye kwa miguu, ukiingia katika hesabu mwishoni.

Frasila mbili begani

Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa masafa marefu katika Afrika Mashariki, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kivui Mwenda wa Kitui, aliyemkaribisha mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa wakuu wa biashara hiyo. Njia walizopita hazikuwa na alama wala walinzi, lakini zilikuwa na kanuni, kwa sababu msafara wa mamia ya watu haungeweza kupita nyika kavu bila kujua visima viko umbali gani, vina maji kiasi gani katika msimu ule, na kama msafara mwingine umekwisha kuvitumia siku chache kabla.

Misafara iliyopangwa pwani ilikuwa na vyeo vya Kiswahili vilivyogawa kazi hiyo ya uongozi: kirangozi alitangulia mbele na kuamua mwendo na mahali pa kupumzika, mnyapara alisimamia kundi la wapagazi, na askari walifunga nyuma ili asibaki mtu wala mzigo. Mizigo yenyewe ilipimwa kabla ya safari kwa frasila, kipimo cha biashara cha pwani chenye takriban kilo 16, na kwa kawaida mpagazi alibeba kama frasila mbili. Kiasi hicho hakikuwekwa kwa huruma. Mpagazi aliyezidishiwa mzigo alianguka njiani au alitoroka, na kila aliyeanguka aliuchelewesha msafara mzima, kwa hiyo uzito wa mzigo mmoja ulikuwa jambo la wote waliofuata nyuma. Fikra hiyo, kwamba mzigo wa mmoja unaathiri njia ya wote, ndiyo ambayo miaka mingi baadaye ingewekwa katika sheria za ekseli za malori.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilianzisha kituo mwaka 1889 katika nchi ya mkuu wa Wakamba aliyeitwa Masaku, na matamshi ya wageni yakaligeuza jina lake kuwa Machakos. Kituo hicho kilikuwa makao ya kwanza ya utawala wa Waingereza katika bara la Kenya ya leo, na kuanzia mwaka 1892 kilisimamiwa na John Ainsworth. Umuhimu wake mkubwa ulitokana na njia: misafara iliyokwenda Uganda ilipumzika hapo baada ya nyika, ikanunua mahindi, maharagwe na mtama kutoka kwa Wakamba wa vilima vya Iveti, kisha ikaendelea. Mtawala wa kituo alihitaji kujua idadi ya watu waliotarajiwa kufika na chakula kilichokuwamo ghalani, kwa maana misafara miwili mikubwa iliyofika pamoja katika mwaka wa ukame ingeweza kumaliza akiba yote. Kuhesabu wapitao kulikuwa sehemu ya kazi ya utawala tangu siku zake za mwanzo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuigeuza njia ya miguu kuwa barabara. Kampuni ilitengeneza njia ya mikokoteni kutoka pwani hadi Kibwezi, ikaitwa kwa jina la mwenyekiti wake, William Mackinnon, na baada ya serikali ya Uingereza kutangaza himaya mwaka 1895, mhandisi wa jeshi Kapteni Bertram Sclater aliiendeleza kutoka Kibwezi kupitia Machakos kuelekea Uganda. Kwa miaka michache mji wa Masaku ulikaa juu ya mshipa mkuu wa usafiri wa bara, na ilionekana kwamba ungeendelea kukaa hapo.

Reli na mji ulioachwa kando

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Wahandisi walifuata mteremko ulio rahisi katika nyanda za Kapiti na Athi, wakaviacha vilima vya Machakos upande wa mashariki, na reli ikafika Nairobi mwezi Mei 1899. Mwaka huohuo makao ya utawala yakahamishiwa huko. Mji uliokuwa kituo cha lazima kwa kila msafara ukabaki pembeni, na tangu hapo historia ya mwendo katika Machakos imekuwa na sehemu mbili zisizolingana: mji mkuu wa wilaya ulioko vilimani, na ukanda wa nyanda za chini, wenye Athi River, Syokimau na Mlolongo, ambako mizigo ya nchi nzima hupita.

Wakamba walikuwa na maneno yao kuhusu ujio huo. Masimulizi yao yanamtaja Syokimau, mwanamke mtabiri aliyeishi kabla ya reli, ambaye inaelezwa kwamba aliona nyoka mrefu akitoka upande wa bahari na watu wageni waliobeba moto. Jina lake ndilo lililopewa eneo la Syokimau, ambako kituo cha treni za abiria wa Nairobi kilifunguliwa mwezi Novemba 2012, na ambako reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ina kituo chake kikuu cha abiria.

Reli ilileta katika nyanda hizo mfumo wa kwanza wa kusimamia mwendo kutoka mbali. Kwa kuwa njia ilikuwa moja na treni zilipita pande zote mbili, kila kipande kati ya stesheni mbili kilihesabiwa kuwa chumba chenye mlango mmoja, ambacho treni mbili hazikuruhusiwa kuwamo kwa wakati mmoja. Msimamizi wa stesheni aliwasiliana na mwenzake wa stesheni iliyofuata kwa telegrafu, yaani waya wa kupeleka ujumbe kwa mapigo ya umeme, na treni haikuondoka mpaka jibu lije kwamba njia i wazi. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa Athi River aliweza kujua kilichokuwa kikitembea mahali asipopaona, na kukizuia kabla hakijafika. Kila chombo cha usimamizi wa barabara kilichofuata kimejengwa juu ya wazo hilo.

Undugu wa reli na barabara katika jambo hili ulikwisha kuonekana kwingineko. Taa ya kwanza ya kuongoza vyombo barabarani, iliyowashwa kwa gesi mbele ya Bunge la Uingereza jijini London mwezi Desemba 1868, ilibuniwa na mhandisi wa ishara za reli, J. P. Knight, na baada ya wiki chache ililipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha. Taa za umeme ziliwekwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, na katika miaka ya 1960 miji kama Toronto ilianza kuziunganisha na kompyuta. Hata hivyo katika Machakos, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, chombo cha kuongoza magari kilikuwa mkono wa polisi, kibao cha chuma na tuta la udongo au la lami.

Lami, steji na kasi

Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ingali msingi wa kanuni za barabara, ilitungwa mwaka 1953 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Sheria hiyo iliweka usajili wa magari, leseni za madereva, mipaka ya kasi na uzito, lakini uwezo wa kuitekeleza ulitegemea macho ya askari aliyesimama kando ya njia. Takwimu nazo zilikusanywa kwa macho: kwa siku kadhaa karani aliketi kwenye kivuli akichora vijiti kwenye karatasi, kila aina ya gari na safu yake, na wahandisi walikokotoa kutokana na vijiti hivyo wastani wa magari kwa siku, ambao ndio uliotumiwa kuamua upana wa barabara na unene wa lami. Waliokwenda kwa miguu na kwa punda, ambao katika Ukambani walikuwa wengi, kwa kawaida hawakuwa na safu yao. Barabara iliyopangwa kwa hesabu hiyo ilikosa njia ya pembeni kwa sababu karatasi haikuwa imemwona aliyeihitaji.

Baada ya uhuru idadi ya abiria iliongezeka kuliko mabasi, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba magari madogo ya matatu yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya mabasi. Machakos, iliyoko kilomita zipatazo 60 kutoka Nairobi, iliunganishwa na jiji kwa magari hayo kiasi kwamba kituo kikuu cha mabasi ya mashambani kilichoko Nairobi chenyewe kikachukua jina la Machakos. Serikali ilipokuwa bado haijaweka ratiba wala kamera, wenye magari waliweka utaratibu wao wa steji: gari linalofika kwanza hupakia kwanza, lifuatalo hungoja zamu, na hakuna linaloondoka kabla halijajaa. Utaratibu huo wa zamu ni usimamizi wa mwendo kwa maana kamili, kwa sababu unalinganisha idadi ya magari na idadi ya abiria bila hesabu ya maandishi, na ndiyo maana umedumu. Lakini unalinda nauli ya mwenye gari, huku saa ya abiria aliyekaa garini akingoja viti vijae ikipotea bila kuhesabiwa na yeyote.

Gari lililojaa kwa kungoja lilifidia muda kwa kasi. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa mwezi Februari 2004, ambazo Wakenya huziita Sheria za Michuki. Kanuni hizo zilitaka kila matatu iwe na mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni, na kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachopunguza mafuta yanayoingia katika injini pindi kasi inapofika kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo kilikuwa hatua kubwa ya kifikra, kwa kuwa kiliihamisha sheria kutoka kando ya barabara na kuiweka ndani ya gari, mahali ambapo haikuhitaji askari. Udhaifu wake ulikuwa kwamba hakikuwa na kumbukumbu wala mawasiliano: fundi aliyeukata waya wake hakuacha ushahidi. Kwa hiyo Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 na kujulikana kama NTSA, ilitaka baadaye vidhibiti vya kidijitali vinavyoandika mwenendo wa gari.

Madereva, kwa upande wao, walikuwa na mfumo wao wa kupashana habari. Dereva aliyepita kizuizi cha polisi aliwasha na kuzima taa za mbele ili kumwonya anayekuja, naye aliyeonywa alipunguza mwendo, akawasha taa kwa ajili ya mwingine. Ishara hiyo ilitumika kukwepa sheria, lakini pia ilitumika kuonya kuhusu ajali, ng'ombe barabarani au lori lililoharibika kwenye kona, na kwa miongo mingi ilikuwa njia pekee ambayo msafiri wa barabara ya Mombasa aliweza kujua kilichoko mbele yake.

Mizani iliyozaa mji

Lori lenye mzigo mkubwa linadhuru barabara kwa namna ambayo jicho halioni. Majaribio yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yaliwapa wahandisi kanuni ambayo wameitumia tangu hapo: madhara ya gurudumu kwa lami hayaongezeki sawasawa na uzito, bali hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu ya pande mbili. Ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 inaharibu lami mara mbili ya ile iliyo ndani ya kiwango, na iliyozidishiwa nusu ya uzito inaharibu mara tano. Kwa nchi ambayo barabara yake moja hubeba shehena ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, kanuni hiyo ilimaanisha kwamba malori machache yaliyozidisha yangeweza kula barabara iliyojengwa kwa kodi ya wote.

Ndiyo sababu mizani za magari ziliwekwa katika vituo kama Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Mizani ya kawaida ni bamba la chuma lililolazwa usawa wa ardhi juu ya vipimio vya uzito, na lori hulazimika kutambaa na kusimama juu yake huku ekseli moja baada ya nyingine ikisomwa. Ikiwa upimaji wa lori moja unachukua dakika chache na malori yanafika kwa kasi kuliko hapo, foleni haiwezi kuepukwa. Kwenye mizani ya Athi River foleni hiyo ilirefuka kandokando ya barabara kuu, na madereva na matanboi wao waliolazimika kungoja saa nyingi, na wakati mwingine usiku mzima, walihitaji chakula, chai, mahali pa kulala, fundi wa magurudumu na duka la vipuri. Waliowapa huduma hizo walijenga vibanda, kisha nyumba za kulala wageni, kisha majengo ya ghorofa, na neno walilotumia Wakenya kwa foleni yoyote ndefu likawa jina la mji.

Kungoja kulikuwa na gharama nyingine. Mahali ambapo lori linasimama na afisa mmoja ana uwezo wa kuliachilia, muda wenyewe hugeuka kuwa bidhaa, na malalamiko kuhusu hongo kwenye mizani yalikuwa sehemu ya mjadala wa usafirishaji wa Kenya kwa miaka mingi. Vilevile miji ya malori katika ukanda huo ilibeba mzigo mzito wa virusi vya Ukimwi, na kliniki za kando ya barabara zilianzishwa ili kuwahudumia madereva na wenyeji pamoja. Chombo kilichowekwa kupima tani kilikuwa kimebadilisha maisha ya watu kwa namna ambayo hakuna mizani iliyoisoma.

Kupima bila kusimamisha

Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, iitwayo KeNHA, ambayo ilipewa barabara kuu na mizani zake. Nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa Sheria ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2013, iliweka kiwango kimoja kwa nchi wanachama, ambacho kinaruhusu lori zima lisizidi tani 56 na ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Kiwango kimoja kilihitaji upimaji wa haraka, kwa kuwa lori linalovuka nchi tatu likisimamishwa katika kila kituo hupoteza siku.

Jibu la kiufundi lilikuwa mizani ya mwendo, inayopima lori likiwa linatembea. Chini ya lami hufukiwa nyaya zilizozungushwa kama pete zenye mkondo mdogo wa umeme. Chuma cha gari kinapopita juu yake hubadilisha mkondo huo, na kompyuta hujua kwamba gari limefika, na kwa kulinganisha pete mbili hujua kasi yake. Kati ya pete hizo hulazwa vihisi vya fuwele ambayo ikikandamizwa hutoa chaji ya umeme, na ukubwa wa chaji hiyo hubadilishwa kuwa uzito wa kila ekseli. Kamera husoma nambari ya usajili, na lori linaloshukiwa kuzidisha ndilo pekee linaloelekezwa kwenye mizani ya kusimama, huku mengine yakiendelea na safari. Vihisi vilevile huhesabu magari mchana na usiku, na hivyo karani aliyechora vijiti kivulini amepata mrithi asiyelala, ingawa mrithi huyo naye hamwoni mtu apitaye kwa miguu, kwa kuwa mtu hana chuma wala ekseli.

Jambo hilohilo lilifanyika kwa shehena yenyewe. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo ya nchi jirani, ambamo kontena hufungwa kwa kufuli ya kielektroniki inayotuma mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti na mtandao wa simu, ili lori likiacha njia iliyopangwa au kufuli ikifunguliwa, habari ifike mara moja. Mwaka huohuo reli mpya ilianza safari, ikachukua sehemu ya makontena yaliyokuwa yakipita barabarani, na miji iliyoishi kwa kusimama kwa malori ikaanza kuhisi upungufu wa wageni. Mlolongo uliokolewa na ukaribu wake na Nairobi, kwa sababu wakati malori yalipopungua kusimama, wapangaji wanaofanya kazi jijini walikuwa wamekwisha kuzijaza nyumba zake.

Barabara ya juu na barabara ya chini

Mahali pale mizani iliposimamisha malori ndipo inapoanzia leo barabara ya haraka ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa mkataba unaompa mwekezaji haki ya kutoza ada, na iliyofunguliwa kwa magari mwezi Mei 2022. Kutoza ada si jambo geni nchini Kenya. Sheria ya mwaka 1984 iliruhusu vituo vya malipo barabarani, ambavyo vilisimamisha kila gari ili kupokea fedha mkononi, mpaka Sheria ya Tozo ya Matengenezo ya Barabara ya mwaka 1993 ilipoweka tozo hiyo ndani ya bei ya mafuta. Barabara ya haraka imerudisha ada kwa chombo kipya: kifaa kidogo kwenye kioo cha mbele huzungumza na mtambo wa lango kwa mawimbi ya redio, ada hukatwa katika akaunti, na kizuizi huinuka kabla gari halijasimama.

Kwa mwenye gari, safari iliyochukua saa moja au zaidi katika msongamano hupungua kuwa dakika chache. Lakini pikipiki, tuktuku na waenda kwa miguu hawaruhusiwi juu, na asiyelipa hubaki chini, kwenye barabara ambamo matatu, malori, bodaboda na wavuka njia hugombania nafasi. Katika sehemu hiyo moja ya Machakos zinaonekana kwa pamoja enzi mbili za usimamizi: juu, kila gari linajulikana lilipoingia, lilipotoka na lilichodaiwa; chini, mwendo bado unategemea tuta na filimbi ya askari.

Wananchi nao hawakungoja serikali. Mwaka 2012 ilianza huduma ya Kenya iitwayo Ma3Route, ambayo ilikusanya taarifa za msongamano, ajali na mwenendo wa madereva kutoka kwa abiria wenyewe kwa njia ya simu, na kuzisambaza kwa wengine, yaani ile ishara ya taa za mbele iliyogeuzwa kuwa maandishi yanayofika mbali. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia na kampuni ya Groupshot, kilitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi iliyochorwa na wanafunzi waliopanda magari hayo wakiwa na simu, na kuonyesha kwamba mfumo ulioonekana hauna mpango ulikuwa na mpango ambao haukuwa umeandikwa. Ramani za simu zinazochora foleni kwa rangi nyekundu hutegemea jambo hilohilo: kila simu iliyo garini ni kihisi kinachotembea, na mwenye simu hupima barabara bila kujua kwamba anapima. Kutojua huko ndiko kulikoifanya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kuwa pia sheria ya barabara, kwa kuwa nambari ya gari, saa na mahali vikiunganishwa hueleza maisha ya mtu kwa undani ambao askari wa kizuizi hakuweza kuufikia.

Anayestahili kuhesabiwa

Safari nzima ya ufundi huu katika Machakos inaweza kuelezwa kama kuhama kutoka kusimamisha ili kupima hadi kupima bila kusimamisha. Msafara ulisimama Masaku ili uhesabiwe na kulishwa, treni ilisimama stesheni mpaka telegrafu ijibu, lori lilisimama Mlolongo mpaka bamba lisome, na leo gari linapita likiwa limekwisha kupimwa. Manufaa yake ni makubwa, na hakuna sababu ya kuutamani mlolongo wa zamani. Lakini kila chombo kilirithi swali la aliyekilipia. Frasila iliulinda msafara, telegrafu ikailinda ratiba, mizani ikailinda lami, lango la ada likayalinda mapato ya mwekezaji, na kila kimoja kiliifanya kazi yake vizuri kwa sababu kilijua kinachopimwa.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu, watu ambao karatasi ya karani haikuwa na safu yao na ambao pete ya waya chini ya lami haiwahisi. Teknolojia ya kuwaona ipo, kwa kuwa kamera inayosoma nambari ya gari inaweza pia kuhesabu wanaovuka, saa wanazovuka na muda wanaongoja, na kutokana na hesabu hiyo daraja la miguu, taa ya kuvukia au mwendo mdogo wa magari ungewekwa mahali panapostahili. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu la trafiki na maegesho katika barabara zao, kwa hiyo swali hili si la Nairobi peke yake. Mji wa Masaku ulianza kwa kuwahesabu watu waliokuja kwa miguu, ili upate kuwalisha. Jioni, wafanyakazi wa viwanda vya Athi River wanapovuka barabara kuu kurudi nyumbani, bado kuna watu wa kuhesabiwa, na safari hii wahesabiwe ili wafike salama ng'ambo ya pili.